Mjusi Katika Tanuri la Udongoni

Gizani kitu kilisema kak. Kikanyamaza. Halafu tap, sauti ndogo kama haragwe moja lililodondokea kwenye sinia la udongo. Nilikuwa nimelala macho, binti yangu Nambua amenilalia mkono mpaka umekufa ganzi, nikajiambia kuwa ni paka. Katika nchi ile paka hawalali jikoni, na nililijua hilo tangu siku ya kwanza. Lakini mtu anayetaka usingizi hujiambia lolote.

Namna tulivyofika Udongoni haina maana kubwa. Atakayetaka kufika atafika. Niseme tu kwamba ilikuwa inakwenda siku yetu ya nne, na mwenyeji wetu alikuwa Sefora, mwokaji wa mikate wa mtaa mzima, mjane wa makamo mwenye mikono iliyoungua vinyweleo hadi viwikoni.

Watu wa Udongoni wanaishi kwa zile sheria za chakula na vyombo ambazo Wayahudi wa kale walizishika. Mwalimu wetu wa darasa la jioni aliwahi kutufundisha sheria hizo kwa vipindi viwili. Niliziandika daftarini, nikafaulu mtihani, nikazisahau. Sikujua kwamba mtu anaweza kuamka nazo, akapika nazo na kulala nazo, kama sisi tunavyolala na chandarua.

Siku ya kwanza nilimkuta Sefora akipanga vyungu vyake: vya nyama upande wa mlango, vya maziwa upande wa dirisha, na katikati nafasi ya kupita mtu. Nikamwuliza kama hachoki kutunza vyombo maradufu.

"Nachoka sana," akasema. "Lakini mwana wa mbuzi alinyonya maziwa yale. Ndiyo yaliyomkuza. Nikimchemsha ndani yake, nimechukua kilichomlea nikakifanya mchuzi wake. Mtu akizoea kumfanyia mbuzi hivyo, binadamu atashindwa kumfanyia nini?"

Nilimtazama Nambua, ambaye maziwa yangu ndiyo yaliyomkuza, nikamvutia kwangu.

Nikajifunza mengine. Chombo cha shaba kikiingiliwa na mzoga huoshwa, huzamishwa chemchemini, kikarudi kazini jua likishatua. Cha udongo hakioshwi. Huvunjwa. Udongo hunywa, Sefora alinieleza, na kilichonywewa hakitoki kwa kusugua. Lakini hapo hapo sheria ina jambo jingine lililonisimamisha na sufuria mkononi, kama mtu aliyeitwa jina lake njiani: mjusi akifia ubavuni mwa chungu, kwa nje, chungu ni safi. Hakivunjwi, hakifutwi. Chombo cha udongo hunajisika kwa ndani tu.

Nilikaa na neno hilo siku nzima. Miaka yote nimeogopa yanayonigusa kwa nje: maneno ya majirani, macho ya watu, nguo ya kuazima. Kumbe kuna watu walioketi zamani sana, wakatazama chungu cha kawaida cha kupikia, wakasema, uliza kwanza ndani mna nini.

Sasa nieleze habari ya Idara.

Sheria inasema ndani. Lakini kutazama ndani ni kazi. Inabidi kufunua, kuinama, kuingiza taa, na pengine kuona usichotaka kukiona. Kwa hiyo, vizazi kadhaa vilivyopita, Udongoni walianzisha Idara ya Nyuso za Vyombo. Wakaguzi wake hupita kila asubuhi na kitambaa cheupe. Hufuta chombo kwa nje. Kitambaa kikibaki cheupe, chombo huchorwa alama ya chaki. Mkaguzi haruhusiwi kufunua kifuniko, kwa kuwa kufunua ni kumshuku mwenye nyumba, na kushuku ni utovu wa adabu. Sheria ya kale haikutaja kitambaa wala chaki. Hata hivyo nilikutana na watu wanaoweza kukueleza aina saba za chaki lakini hawakumbuki ni lini walichungulia mtungi wao. Iko nyumba yenye chungu kilichochorwa mara nyingi hadi kimekuwa cheupe chote, na wageni hupelekwa kukistaajabia. Nilipelekwa. Nikauliza ndani mna nini. Wenyeji wakatazamana, wakasema hilo halijawahi kuulizwa. Palikuwa na harufu kidogo.

Basi, alfajiri ile Sefora alikwenda kufungua tanuri lake.

Ni tanuri la udongo, lina kimo cha mtoto wa miaka kumi, mdomo wake juu. Jioni hubandika ndani mikate ya wazazi, yaani wanawake wa mtaa waliojifungua karibuni, iive polepole kwa moto uliofukiwa majivu. Huweka kifuniko, kisha hukizungushia udongo mbichi pande zote pasibaki upenyo. Chombo kilichofungwa hivyo, sheria inasema, kiko salama hata mauti yakiingia nyumbani. Kifuniko kilichowekwa tu, bila kufungwa, hakihesabiki kuwa kifuniko.

Hilo la mwisho sikuwa nimelisikia.

Jioni iliyotangulia, Sefora akiwa ameteremka chemchemini, Nambua alipanda kwenye kigoda akakisukuma kifuniko cha tanuri. Ukingo wa udongo ukakatika vipande vipande. Nilimshusha, nikamfinya sikio kidogo, nikakirudisha kifuniko mahali pake na kuvikusanya vile vipande kwenye kanga. Kikakaa vizuri. Kwetu, kifuniko ni kifuniko.

Sefora aliinama na taa juu ya tanuri. Alikaa ameinama muda mrefu kuliko inavyohitajika kutazama mikate. Kisha akaingiza kijiti, akatoa mjusi mdogo aliyekauka kwa joto, akamlaza juu ya jani la mgomba. Akapitisha kidole kwenye ukingo wa kifuniko. Hakukuta udongo. Akanitazama.

Mimi nikatazama mikate.

Hakuniuliza. Udongoni mgeni hafunuliwi. Mwenyeji akimwuliza mgeni neno la kumtia aibu, ni kama amempokonya tonge mdomoni. Hilo nilikuwa nalijua, na nilijificha ndani yake.

Angeweza kunyamaza. Mikate tisa ilikuwa imeiva rangi ya asali, na Nambua alikuwa amekwisha kuamka kwa harufu yake, amekaa kitandani anauliza chai. Tanuri likivunjwa, mtaa hauna mikate mpaka jipya lijengwe na kukauka, siku arobaini. Nakiri kwamba niliomba moyoni anyamaze.

Jua halijachomoza vizuri, mkaguzi akabisha hodi. Aliitwa Bwana Elkana, mtu mpole, mwenye mwendo wa kuchoka. Alikunjua kitambaa akafuta tanuri mbele, nyuma na ubavuni.

"Safi kama ada," akasema. "Laiti wote wangekuwa kama wewe, dada." Akachora alama yake.

"Bwana Elkana, ndani mlikuwa na mjusi."

Chaki ikasimama hewani. "Sefora, nimeshachora."

"Naona."

"Si ungesema kabla."

"Umeingia tu unafuta. Ningekukatiza?"

"Na nani amekuuliza ya ndani?" Alishusha sauti, kama anayemshauri ndugu. "Una mjusi, mtupe. Kuku wako yuko hapo nje anazubaa. Wazazi wamemwona?"

"Hawajamwona."

"Mgeni amemwona?"

Nikakohoa. Sefora akajibu upesi, "Mgeni alikuwa na mtoto."

"Basi nani amemwona?"

"Mimi, Bwana Elkana. Mimi nimemwona."

Elkana aliketi kwenye kigoda kile kile alichopandia Nambua, akafuta uso kwa kitambaa chake cheupe. Kitambaa hakikubaki cheupe. Kwa kuwa alama imechorwa na mwenye chombo anaikataa, akasema, hapana budi liitishwe baraza.

Kesi za Udongoni husikilizwa pale pale chombo kilipo, ili mwamuzi asije akahukumu asichokiona. Na mwamuzi ni mfinyanzi. Kwanza nilidhani ni upuuzi, kwani nani atafurahia chungu kivunjwe kuliko yule anayeviuza? Kumbe wameliona. Mfinyanzi akiamuru chombo kivunjwe, yeye mwenyewe atafinyanga kingine kwa mikono yake, bure. Kwa sababu hiyo hukumu zao si za haraka. Siku ile mwamuzi alikuwa Bi Ketura, mwanamke mnene mwenye mafua, aliyeingia jikoni akipiga chafya na kuomba mahali pa kuketi. Nyuma yake mtaa mzima ukajaa mlangoni na dirishani.

Wa kwanza kusema alikuwa Hofni, karani wa Idara, kijana mtanashati.

"Waheshimiwa, alama imechorwa. Alama ya Idara haichorwi kwenye chombo kichafu. Kwa hiyo tanuri ni safi. Na kwa kuwa tanuri ni safi, ndani yake hamkuwa na mjusi. Hivyo mjusi huyu, popote alipokuwa, alikuwa nje."

Watu wakaguna kwa kuridhika. Mzee mmoja dirishani akaongeza kwamba, hata kama alikuwa ndani, alikuwa mdogo. Mwingine akauliza kama haingewezekana kumchora chaki mjusi mwenyewe ili mambo yaishe. Jambo hilo lilijadiliwa kwa dakika kadhaa, na hakuna aliyecheka, ikabidi nami nisicheke.

Bi Ketura alimwacha kila mtu amalize. Kisha akashika ukingo wa tanuri, akainama, kichwa chote ndani, kifua kizima ndani, mpaka miguu ikainuka kidogo. Watu wakarefusha shingo. Nadhani wengi wao hawajapata kumwona mtu akifanya hivyo mchana mbele ya watu. Alipotoka, uso wake ulikuwa na masizi.

"Sefora, ulimkuta wapi?"

"Ndani, Bi Ketura. Juu ya majivu."

"Basi tanuri halifai. Na mikate iliyomo haifai." Akapiga chafya. "Jipya nitalijenga mimi. Mgongo wangu unajua."

Mama mmoja wa jirani akanyoosha mkono akauliza habari ya gunia la ngano lililokuwa limeegemea tanuri. Je, nalo limwagwe?

"Limelowa?"

"Kavu kabisa."

"Liacheni. Punje kavu haishiki unajisi. Mzoga unaweza kuiangukia, ukaondolewa, punje ikapandwa shambani. Iliyotiwa maji na mwenyewe ndiyo inayoshika." Aligeuza uso wake wenye masizi akatutazama sote. "Kwetu hata watu tunawapima hivyo. Mtoto mdogo ni punje kavu, kosa litamwangukia, litapanguswa. Aliyekwisha kuloweshwa mafunzo, huyo ndiye litakayemshika."

Sijui kama alikuwa ananiangalia mimi. Nilimvuta Nambua karibu. Kwa muda wote ule nilikuwa nimenyamaza kwa ajili yake, au ndivyo nilivyojiambia: wasije wakamfokea, wasije wakamwekea alama. Sasa ilikuwa imesemwa wazi kwamba hana la kuogopa. Na mimi niliyeketi madawati ya jioni miaka minne nina kisingizio gani kilichobaki? Nilikuwa nimelowa mpaka kwenye mifupa.

Ndipo Elkana akasimama. Sauti yake haikuwa na ukali, ila ilikuwa na maumivu.

"Bi Ketura, nakubali. Alama yangu imeaibika mbele ya mtaa. Lakini kuna jambo la pili. Mjusi hapenyi udongo uliokauka. Tanuri hili halikufungwa. Mwokaji anayelaza mikate ya wazazi kwenye tanuri lisilofungwa hastahili kuokea mtaa. Naomba apokonywe kazi hiyo, apewe mwingine."

Watu wa mlangoni wakamgeukia Sefora. Nilijua maana yake. Kwa Sefora kazi ile ndiyo sababu ya kuamka. Alinisimulia usiku wa kwanza kwamba tangu mumewe afariki hakuna anayemwita kwa jina lolote ila mwokaji wetu.

"Sefora," akasema Bi Ketura, "ulifunga?"

"Nilifunga kwa udongo mbichi kabla jua halijatua."

"Udongo uko wapi?"

"Sijui niseme nini, Bi Ketura."

Alijua. Nilimwona anajua, na nikamwona anavyokimeza kile alichokijua, kwa ajili ya desturi na kwa ajili yangu. Hapo ndipo nilipoiogopa nchi ile, woga mwema, kama unaompata mtu aliyeingia nyumba ya ibada akiwa amevaa viatu.

Baraza lao hufungwa kwa swali moja linaloulizwa mara tatu. Baada ya mara ya tatu, lililofichwa limefichwa.

"Nani ana la ndani?" akauliza Bi Ketura.

Kuku alilia uani.

"Nani ana la ndani?"

Nambua akanitazama kwa chini, na kidole chake kilikuwa kinazunguka kwenye pindo la kanga yangu.

"Nani ana—"

"Mimi," nikasema. Sauti ilinitoka kama ya mtu mwingine. "Sefora alifunga. Mtoto wangu alikisukuma kifuniko jana jioni, ukingo ukavunjika. Nikakirudisha, nikadhani yametosha. Na usiku nikasikia mjusi akianguka, nikasema ni paka. Na alfajiri nikatazama pembeni. Mtoto ni wa miaka minne. Yaliyobaki yote ni yangu."

Nilitazamia makelele, kama kwetu. Sefora akanisogelea akanishika mkono.

"Mama Nambua," akasema taratibu, "unatembea na udongo wangu kwenye kanga tangu jana. Nilikuwa nangoja tu uuangushe."

Mtu akacheka dirishani, kisha wengi wakacheka, hata Elkana kidogo. Mimi nililia. Nikafungua pindo la kanga, na kweli, vipande vilikuwemo.

Bi Ketura alitoa hukumu huku akifuta pua. Sefora abaki kuwa mwokaji wa mtaa. Mikate ya wazazi iokwe nyumba ya pili kuanzia siku ile. Mgeni, kwa siku saba, akanyage udongo wa tanuri jipya kwa miguu yake mwenyewe, pamoja na mfinyanzi, kwa sababu aliyefungua ndiye ajifunze kufunga. Sijapata kupewa adhabu iliyonifurahisha kama ile.

Kisha Sefora akaletewa nyundo ya mti. Aliingiza mkono ndani ya tanuri, akapapasa ukuta wake wote kwa mara ya mwisho kama anayemkogesha mtu. Akapiga. Lilipasuka kwa mlio mzito, na moshi wa majivu ukapanda hadi kwenye paa.

Nilidhani watu wataondoka. Hawakuondoka. Waliingia mmoja mmoja wakaokota vigae. Nikamwuliza Bi Ketura wanavitakia nini vitu vilivyonajisika.

"Vilikuwa najisi vikiwa tanuri," akasema. "Kigae hakinajisiki tena. Chombo kizima ndicho kinachoogopewa. Kikishavunjika, kimekwisha kutakasika. Watabebea makaa, watawekea mbegu. Hata akifa mjusi juu yake, ni safi."

"Kwa sababu kimevunjika?"

"Kwa sababu hakina tena pa kuficha."

Nilisimama pale nikitazama watu wa mtaa wakitoka na vipande vya tanuri wamevikumbatia, wanawake kwa wanaume, kwa utulivu kama wanaobeba watoto waliolala. Elkana aliokota kile chenye chaki yake. Alikitazama upande mweupe, akakigeuza upande wa masizi, akakaa nacho. Baadaye niliambiwa kwamba siku hiyo, katika mtaa ule, zilisikika nyumba kadhaa zikifunua mitungi. Katika ile nyumba yenye chungu cheupe chote, walifungua madirisha kwanza.

Bi Ketura alikuwa wa mwisho kuondoka. Mlangoni akarudi, akachuchumaa kwa shida mbele ya binti yangu, uso wake bado mweusi kwa masizi, mpaka macho yao yakalingana. Nikataka kusema kitu cha kumtetea. Akaniinulia kiganja ninyamaze.

"Mjukuu wangu," akamwuliza, na hakuwa akimfokea, alikuwa anataka kujua kweli. "Alama ilikuwepo, tanuri limeonekana zuri, wakubwa wote wamelipita. Wewe ulilifunua kwa nini?"

Nambua alimtazama usoni, akamtazama puani palipokuwa na masizi mengi zaidi, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Nilitaka kuona ndani."